Damu ya Nabothi: Mauaji ya Kisiasa Yaitwe Mauaji



Kila mara anapouawa mtu aliyesema kweli au aliyesimama njiani mwa wakubwa, baada ya machozi huja mashindano ya maneno. Kila msemaji hutafuta neno zito kuliko la mwenzake, na neno linalopendwa siku hizi ni ugaidi. Tumelisikia mazishini, na tumelisikia katika jumuiya zetu ndogo ndogo: kwamba mauaji yanayofanywa kwa sababu za kisiasa yahesabiwe na sheria ya Kenya kuwa ugaidi, na wahusika washtakiwe kama magaidi.

Wanaosema hivyo wana uchungu wa haki, nasi tuna uchungu huo huo. Hata hivyo tunasema hapana. Tunaomba msomaji atuvumilie tueleze sababu, kwa maana jambo hili linagusa uhai wa watu, na si wale waliokwisha kuuawa peke yao.

1. Hoja yao tunaiheshimu

Wanasema hivi: anayemuua mpinzani, mbunge au afisa wa uchaguzi hamwui mtu mmoja. Anawaua wengi kwa hofu. Tumkumbuke Chris Msando, msimamizi wa teknolojia katika Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Mwili wake ulipatikana mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, pamoja na mwili wa mwanamke kijana aliyeuawa naye. Ni nani kati ya wafanyakazi wenzake aliyepata usingizi baada ya habari ile? Ni nani aliyekaa mbele ya mitambo ya kujumlisha kura bila kumwaza?

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inazungumzia ukatili unaofanywa kwa nia ya kuutia umma hofu, au kuilazimisha Serikali itende jambo au isilitende, au kuvuruga taasisi za nchi, zikiwemo za kisiasa na za kikatiba. Basi, wanauliza ndugu zetu, mauaji kama hayo yamepungukiwa na nini hata yasiitwe ugaidi?

Ni swali la haki, na hatutalikwepa. Katika baadhi ya mauaji hayo, mwanasheria hodari angeweza kuyaingiza maneno ya sheria ile bila kuyalazimisha sana. Lakini swali letu si kama yanaweza kuingia. Tunauliza: yakiingia, ni nani atakayepata nafuu, na ni nani atakayeumia?

2. Jina zito haliongezi adhabu

Wengi hudhani kwamba gaidi huadhibiwa kuliko muuaji. Katika sheria za Kenya sivyo ilivyo. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa adhabu hiyo kila mara, bali apime mazingira ya kila kesi. Adhabu yenyewe haikufutwa. Nayo sheria ya ugaidi, pale tendo linaposababisha kifo, inataja kifungo cha maisha.

Hatusemi haya kwa kuisifu adhabu ya kifo. Sisi hatuitaki, wala Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Tunasema tu kwamba anayetaka muuaji aadhibiwe vikali hana haja ya neno ugaidi. Ukali umekwisha kuwamo katika sheria ya mauaji tangu zamani.

Je, neno hilo linaongeza nini basi? Linaongeza nguvu mikononi mwa anayeshtaki. Chini ya sheria ya ugaidi polisi wanaweza kumwomba hakimu awaruhusu kumweka mshukiwa rumande, kabla hajashtakiwa, kwa vipindi ambavyo jumla yake yaweza kufika siku 90. Uzito wa neno hilo basi haumwangukii muuaji aliyekwisha kuhukumiwa. Unamwangukia yeyote aliyeshukiwa, awe na hatia au asiwe nayo.

3. Gaidi hutangaza, muuaji wa kisiasa hujificha

Tuangalie pia jinsi mauaji haya yalivyotendwa. Gaidi anataka tendo lake lionekane na lijulikane; pasipo kujulikana, hofu yake haina faida. Wauaji wa kisiasa katika nchi yetu mara nyingi wamefanya kinyume.

J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka tarehe 2 Machi 1975. Watu walipouliza aliko, Bunge liliambiwa kwamba yuko Zambia, kumbe mwili wake ulikuwa umetupwa vilimani Ngong. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990. Mwili wake ulipatikana Got Alila umechomwa moto, na bastola kando yake kana kwamba amejiua mwenyewe. Padre John Kaiser wa shirika la Mill Hill, aliyekuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila, alikutwa amekufa karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000, na bunduki yake karibu naye. Wapelelezi wa Marekani walikata shauri kwamba alijiua. Ilibidi kungoja hadi Agosti 2007, hakimu aliyechunguza chanzo cha kifo hicho alipoyakataa maelezo hayo na kusema kwamba padre aliuawa.

Mnaona, ndugu, mazoea yalivyo. Hawa hawakuwa watu waliotaka kutangaza tendo lao, bali watu waliotaka lisijulikane kamwe. Tukisema ni ugaidi, mzigo wa mwendesha mashtaka unaongezeka: hatatosheka kuthibitisha kwamba fulani aliua kwa kukusudia. Itampasa pia kuthibitisha kwamba aliua kwa nia ya kuutia umma hofu au kuilazimisha Serikali. Naye muuaji atajibu kupitia wakili wake: mimi sikutaka mtu yeyote ajue. Kwa kutafuta neno kubwa tutakuwa tumempa mlango wa kutokea.

4. Kilichokosekana si jina, ni kesi

Kweli, wengine hawakuuawa mafichoni. Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya jiji tarehe 5 Julai 1969. Lakini hata hapo, kama mkono ulionekana, kichwa kilijificha. Katika kesi ya Pinto, Kisilu Mutua alifungwa hadi mwaka 2001, huku akishikilia kwamba hakuua. Katika kesi ya Mboya, Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka ule ule wa 1969, naye anakumbukwa hadi leo kwa kuwauliza waliomkamata kwa nini hawamfuati yule mkubwa. Swali lake lilizikwa pamoja naye.

Kwa Kariuki, kamati teule ya Bunge ikiongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza na kutoa taarifa Juni 1975. Hakuna aliyehukumiwa. Kwa Ouko, walikuja wapelelezi wa Scotland Yard, kisha ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Gicheru; Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza kazi. Mtu mmoja aliyeshtakiwa baadaye aliachiliwa huru na mahakama mwaka 1994. Kwa Kaiser, hakuna aliyehukumiwa. Kwa Msando, hakuna aliyehukumiwa.

Hebu tujiulize: katika orodha hii, ni wapi sheria ilipopungukiwa na neno? Ni jaji gani aliyesema, ningemtia muuaji hatiani, lakini nchi haina kosa linalolingana na tendo lake? Hakuna hata mmoja. Kilichopungua ni upelelezi usioogopa simu kutoka juu, mashahidi waliolindwa, na tume zilizoachwa zimalize kazi. Neno jipya halimpi shahidi ulinzi, wala halifungui kabati lenye taarifa iliyofichwa.

5. Sheria ambayo Serikali ndiyo mlalamikaji

Tunafika kwenye sababu iliyo kubwa kuliko zote. Sheria ya ugaidi imejengwa juu ya wazo kwamba anayeshambuliwa ni umma pamoja na Serikali yake. Katika mauaji ya kisiasa ya Kenya, mara nyingi minong'ono ya wananchi, na wakati mwingine taarifa za uchunguzi, zimewaelekea watu waliokuwa ndani ya Serikali hiyo hiyo au karibu nayo. Sheria inayomweka mlalamikaji mahali pa mshukiwa itamwonaje?

Historia imekwisha kutuonyesha. Mwaka 1975, baada ya Kariuki kuuawa, nchi ilikuwa na sheria kali ya kulinda usalama wa umma iliyoruhusu kumfunga mtu bila kesi. Je, iliwakamata wauaji? La. Oktoba mwaka huo waliokamatwa katika viwanja vya Bunge na kuwekwa kizuizini walikuwa Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku, watu waliokuwa wakiihoji Serikali. Hawakuachiliwa hadi mwaka 1978. Chombo kilichosemekana kuwa cha kuwalinda wananchi kiliwapata wenye kuuliza, kisiwapate wenye kuua.

Wala mambo hayo si ya kale tu. Baada ya maandamano ya Juni na Julai 2025, vijana kadhaa walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Baadhi yao walidaiwa kuharibu na kuchoma mali. Kuchoma jengo ni kosa, na Kanuni ya Adhabu inalo jina lake. Kwa nini basi likatafutwa jina kubwa zaidi? Wakati huo huo wako wazazi ambao watoto wao walipigwa risasi katika maandamano hayo, nao wanangoja kusikia shtaka la kawaida tu, la mauaji. Tunaoomba neno ugaidi lipanuliwe tujue tunampanulia nani panga.

Maandiko yanatufundisha jambo hili katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi alikataa kumwuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake. Yezebeli hakumtumia mwuaji usiku. Alitumia mahakama. Wakatafutwa mashahidi wa uongo, na Nabothi akashtakiwa kwa kosa zito kuliko yote ya wakati ule, la kumtukana Mungu na mfalme. Watu wakampiga mawe wakidhani wanaitetea nchi yao. Shtaka lile zito halikumlinda mnyonge dhidi ya wauaji. Lilikuwa ndilo jiwe la kwanza walilomtupia.

6. Tunadai nini

Kwanza, mauaji ya kisiasa yashtakiwe kama mauaji. Sababu ya kisiasa isifichwe; itajwe mbele ya jaji wakati wa kutoa adhabu, iwe jambo la kuongeza uzito.

Pili, afuatwe aliyetuma. Kanuni ya Adhabu imekwisha kusema kwamba anayeshawishi au kumtuma mtu atende kosa anahesabiwa kama aliyelitenda. Sheria ya kumfikia yule mkubwa ipo. Iliyokosekana ni nia.

Tatu, uchunguzi wa vifo utolewe mikononi mwa polisi peke yao. Bunge lilipitisha sheria ya wachunguzi huru wa vifo mwaka 2017, kisha miaka ikapita bila kuundiwa ofisi. Sheria isiyo na ofisi ni karatasi.

Nne, taarifa ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais mwaka 2013 na kuandika juu ya mauaji haya, isiachwe kulala. Mashahidi walio hai walindwe wangali hai.

Ndugu wapendwa, Eliya aliposimama mbele ya Ahabu katika lile shamba la mizabibu, hakutafuta neno jipya. Alimwuliza mfalme kama ameua na kisha kurithi. Neno lilikuwa la kawaida, lile lile analoshtakiwa nalo mtu maskini aliyemwua jirani yake. Ahabu alitetemeka kwa sababu lilitamkwa mbele yake yeye, na na mtu asiyemwogopa. Nchi yetu haijapungukiwa na maneno. Inamhitaji mpelelezi, mwendesha mashtaka na jaji watakaolitamka neno hilo dogo mbele ya mtu mkubwa.

Maswali ya kujadiliwa katika jumuiya

1. Je, katika eneo letu kuna kifo ambacho watu wote wanakinong'ona na hakuna aliyekitolea ushahidi? Ni nini kinachowazuia?

2. Tunapolia tukitaka adhabu kali, je, tunataka haki kwa aliyeuawa, au tunataka mtu yeyote tu aadhibiwe?

3. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje shahidi anayeogopa, au familia inayongoja kesi isiyoanza?