Vitabu vya uchawi kwa watoto: tuulize nani anabeba kosa

Je, kitabu ambamo watoto wanauawa, na wengine wanagundua kwamba wana nguvu za uchawi, kinafaa kwa msomaji wa miaka 12? Wazazi wengi huku mashariki mwa Kongo watajibu mara moja: hapana. Hofu yao inaeleweka, lakini jibu hilo ni la haraka mno.

Tuchukue Akata Witch, riwaya ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka wa 2011. Sunny, msichana wa miaka 12 mwenye ualbino, anachekwa shuleni. Anagundua kwamba ana nguvu za ajabu, kisha pamoja na wenzake watatu anapambana na mtu anayeteka na kuua watoto. Kifo hakifichwi, lakini kosa linabaki kwa muuaji. Mtoto hahukumiwi kwa sababu yuko tofauti.

Kwetu jambo hilo si dogo. Mjomba akifariki ghafla, au mtoto akiota ndoto mbaya, kuna familia zinazomnyooshea kidole: mlozi. Wengine wanafukuzwa nyumbani na kuishia barabarani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inaadhibu tuhuma hizo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini. Lakini sheria peke yake haibadilishi mawazo ya watu. Hadithi zinaweza kuyabadilisha, au kuyatia sumu.

Kwa hiyo tusipime kitabu kwa kuhesabu maiti na wachawi. Hata hadithi za bibi zetu zina zimwi linalomeza watoto. Tuulize: nani anabeba kosa? Ukatili unaelezwa ili mtoto aelewe, au ili asisimke tu? Je, kuna mtu mzima anayeweza kumkimbilia? Hadithi inayomsifu mtu anayempiga mtoto mpaka akiri ulozi ni hatari kuliko mazimwi mia, hata ikiitwa ya maadili.

Watoto wa Goma, Bukavu na Bunia wanajua milio ya risasi. Kuwafungia vitabu hakutawasahaulisha. Mwandishi aandike kwa uangalifu. Mwalimu na mzazi wasome pamoja nao, kisha wawaulize walichoelewa na kilichowaogopesha. Halafu wawasikilize.