Miaka Mitano na Miezi Mitatu: Kiswahili Mlangoni pa Duka

Sisi wakereketwa wa Kiswahili tumezoea kuitetea lugha hii pale ambapo tayari inapendwa: katika ushairi, katika tamthilia, katika makongamano na katika kurasa za jarida kama hili. Si vibaya. Hata hivyo, yapo maandishi ambayo wafanyabiashara wa miji yetu huyatia sahihi kila siku, nayo huwafunga kwa miaka, na humo Kiswahili hakijapewa hata kigoda cha kukalia. Ninazungumzia mkataba wa pango la duka. Maoni yangu ni kwamba kila mwenye jengo la biashara, au wakala wake, anapaswa kumkabidhi mpangaji maelezo ya mkataba kwa Kiswahili kabla ya sahihi kutiwa, na kwamba kazi ya kuyaandaa maelezo hayo inatuhusu sisi tunaoisomea lugha hii, wala si mawakili peke yao.

Sikuyafikia maoni haya maktabani. Nilipokamilisha masomo ya darasani ya shahada ya uzamili, huku nikisubiri kulitetea pendekezo langu la utafiti, nilifanya uanagenzi wa majuma manane katika kampuni moja ya kusimamia majengo ya biashara jijini Nairobi. Wenzangu walinicheka. Mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini kwa watu wanaohesabu futi mraba? Jibu lilikuwa rahisi: kampuni ilimtaka mtu wa kuwaandikia wapangaji ilani kwa Kiswahili kinachoeleweka. Maji yatakatwa Jumanne, lifti inatengenezwa, takataka zisiachwe kwenye ngazi. Nami niliziandika, na zikabandikwa, na watu wakazisoma.

Ni katika juma la pili ndipo nilipogutuka. Ilani ya maji iliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu ilikuwa ni lazima ieleweke. Mkataba, uliobeba akiba yote ya mpangaji, ulikuwa kwa Kiingereza kitupu, kurasa 24, sentensi moja ikitambaa mistari kumi na moja kabla ya kukutana na nukta. Je, mkataba haukuwa lazima ueleweke?

Msomaji asiyewahi kupanga duka huenda asione uzito wa jambo hili, kwa hivyo na tupige hesabu. Tuchukue duka dogo la kodi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Kodi ya majengo ya biashara aghalabu hulipwa kwa robo mwaka, tena kabla, na mpangaji hutakiwa aweke pia kiasi cha miezi kadhaa, mara nyingi mitatu, kama amana. Juu ya kodi hutozwa ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16, ambao mpangaji wa nyumba ya kuishi hautozwi. Amana ni 180,000. Robo ya kwanza ni 180,000 na ushuru wake 28,800. Mfanyabiashara ametoa shilingi 388,800 kabla hajafungua mlango, na bado hajalipa ada ya huduma ya walinzi, usafi, lifti na jenereta. Ikiwa mkataba unapandisha kodi kwa asilimia 10 kila mwaka, kufikia mwaka wa tano kodi ile ya 60,000 itakuwa imepita 87,000. Hesabu hii yote imo ndani ya kifungu kimoja, na kifungu chenyewe hakina hata tarakimu moja isipokuwa ile 10.

Lakini kifungu kilichonishughulisha zaidi ni kile cha muda. Karibu mikataba yote niliyoipanga katika majalada ilikuwa ya miaka mitano na miezi mitatu. Nilidhani ni desturi tu, mpaka msimamizi wangu aliponieleza asili yake. Tuna Sheria ya mwaka 1965 inayohusu wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula, Sura ya 301. Sheria hiyo humkinga mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo bila ya kosa kutendeka. Mpangaji wa aina hiyo hawezi kufukuzwa wala kupandishiwa kodi kiholela. Ni sharti apewe ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na akiipinga, shauri huenda mbele ya baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Sasa ongeza miezi mitatu juu ya miaka mitano na ukifute kifungu cha kuuvunja mkataba: mpangaji anatoka nje ya kinga ile. Hakuna hila katika jambo hilo. Sheria inaruhusu, na mwenye jengo naye ana mkopo wa benki wa kulipa. Ninachouliza ni kama yule anayetolewa nje ya kinga anajua kwamba anatolewa.

Kulikuwa na mama mmoja katika orofa ya chini ya jengo lililo upande wa River Road, muuzaji wa vitambaa na sare za shule. Katika mwaka wa pili wa mkataba wake biashara ilizorota, akataka kuhamia mahali padogo. Alifika ofisini ametulia kabisa, akaniambia, "Mwalimu, nimekuja kutoa ile miezi yangu mitatu." Sikumwelewa. Akafafanua: mkataba ulisema miaka mitano na miezi mitatu, maana yake ni kwamba ukitaka kuondoka kabla ya ile mitano unatoa notisi ya miezi mitatu. Dalali aliyempeleka kwenye duka hilo ndiye aliyemfasiria hivyo, akiwa amesimama, siku ya kutia sahihi.

Alipoambiwa kwamba atalipa hadi mwisho wa muda, au alete mpangaji mwingine atakayekubaliwa na mwenye jengo, alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikuweza kumjibu: "Sasa mwanangu, hizi ilani zenu za maji mnaziandika kwa Kiswahili kwa nini?" Alikuwa amebakiza miaka mitatu na zaidi. Akishindwa kulipa, sheria inamruhusu mwenye jengo kumtuma dalali wa mnada mwenye leseni akamate vitambaa vyake.

Watasema baadhi yetu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo haya. Huu ni wimbo wa zamani na mimi siuchezi. Waswahili wa pwani walipanga, wakapangisha, wakaweka rehani na kushtakiana juu ya majengo kwa karne nyingi, na lugha yao inaonyesha. Kile kiasi ambacho mfanyabiashara wa Nairobi hudaiwa ili apishwe dukani, na ambacho mjini tunakiita "gudwili", Dar es Salaam wanakiita kilemba. Tunalo neno arbuni, yaani fedha ya kuonyesha kwamba mnunuzi au mpangaji amekusudia kweli. Na tunalo neno amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu ambacho sharti kirudi kwa mwenyewe. Mikataba niliyoisoma ilizichanganya mbili hizi katika neno moja la Kiingereza, na ugomvi mwingi wa siku ya kuhama ulitokana na mchanganyiko huo. Mpangaji aliidai amana. Mwenye jengo alikuwa ameishaitia katika hesabu zake za rangi na vioo. Anayesema "amana" kwa Kiswahili amekwisha kukiri kwamba atarudisha.

Kuna pia ahadi ya mwenye jengo kwamba mpangaji atalitumia duka bila kusumbuliwa. Kwa Kiingereza cha mawakili ahadi hiyo ina jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, linakuwa "starehe tulivu". Karani mmoja aliliingiza katika programu ya kompyuta ya kufasiri likatoka vivyo hivyo, na ofisi nzima ikacheka ikidhani duka limegeuzwa kilabu. Kiswahili hakihitaji starehe yoyote hapo. Kinasema: mpangaji atakaa bila bughudha. Mama wa sokoni analijua neno hilo kwa sababu analitumia kila anapowafukuza watoto mlangoni pake.

Hapa sina budi kuigeukia kambi yetu wenyewe. Kama maelezo ninayoyapigania yataandikwa kwa Kiswahili cha kujionyesha, kile tunachokivaa siku za kongamano, basi heri yasiandikwe. Tatizo moja la kweli litatukabili mara moja: neno "kodi" kwetu ni malipo ya pango na ni tozo la serikali pia. Mkataba utakaosema "kodi itatozwa kodi" utakuwa umemtoa mpangaji gizani na kumtia katika ukungu. Mimi nilichagua "kodi" kwa pango na "ushuru" kwa serikali, kwa kuwa ndivyo wapangaji wenyewe walivyosema nilipowauliza. Mwalimu wa isimu anaweza kunipinga, na namkaribisha, maadamu kwanza atashuka hadi orofa ya chini akawaulize wanaolipa.

Pingamizi zito zaidi nililipata kwa wakili wa kampuni, mtu muungwana aliyenipa muda wake. Alisema, "Lugha mbili, kesi mbili." Maandishi mawili ya mkataba mmoja yakitofautiana hata kwa neno, kila upande utashika lile linalomfaa. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kubezwa. Ila ninachokitaka si mkataba wa pili. Ni maelezo, yenye mstari unaosema wazi kwamba panapotokea mgongano mkataba ndio utakaofuatwa. Wakili huyo huyo alikubali kwamba mahakama zetu za chini zaweza kusikiza kesi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Tazama kinaya hiki: mpangaji anaweza kuulizwa kwa Kiswahili, mbele ya hakimu, ni kwa nini alivunja mapatano ambayo hakuna aliyewahi kumweleza kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Majirani zetu wa Tanzania walipitisha mwaka 2021 marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi hatujaombwa kufika huko. Tunaombwa kurasa mbili.

Wengine husema kwamba mfanyabiashara ni mjanja, tena Kiingereza anakifahamu, na asiyesoma kabla ya kutia sahihi alaumiwe kwa uzembe. Mimi nilisoma Kiingereza tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu, na ule mkataba wa kurasa 24 ulinichukua siku tatu na maswali yasiyo na idadi. Mfanyabiashara hupewa saa moja, huku dalali akimkumbusha kwamba kuna mwingine anayeling'ang'ania duka hilo hilo. Eastleigh, ambako Msomali, Mkamba na Mgikuyu hukutana katika jumba moja la maduka, lugha ya kupatana bei ni Kiswahili. Bei imepatanwa kwa lugha hiyo. Kwa nini masharti yake yasielezwe kwa lugha hiyo?

Idara zetu za Kiswahili hufundisha tafsiri, na ni fahari yetu. Lakini matini tunayopewa kufasiri ni dondoo za riwaya, hotuba na taarifa za habari. Sijawahi kuona mtihani uliomtaka mwanafunzi afasiri ada ya huduma, ilani ya kuongeza kodi au kifungu cha kukamata mali. Tunahitimu kwa mamia tukigombania nafasi zile zile za ualimu na utangazaji, huku makampuni ya majengo yakiwalipa makarani wabahatishe. Chama chetu kina wanachama, kina wahadhiri walezi, na kina jirani katika kitivo cha sheria. Kingeweza kuanza na hati moja tu: ile ilani rasmi ya kubadilisha masharti ya upangaji, ambayo mpangaji akiipuuza bila kuielewa hupoteza haki ya kuipinga.

Kwa upande wangu, kabla ya majuma manane kwisha niliandaa karatasi ya kurasa mbili yenye maswali tisa na majibu yake. Muda ni upi, na je, naweza kutoka kabla haujaisha? Kodi itakuwa kiasi gani katika kila mwaka, kwa shilingi, si kwa asilimia? Amana itarudi lini, na nini kitakatwa? Na mengineyo ya namna hiyo. Wakili aliisoma, akafuta maneno matatu, akairudisha. Wapangaji wawili wapya wa orofa ya pili waliipokea kabla sijaondoka. Mmoja aliomba aende nayo nyumbani kwanza. Aliporudi baada ya siku mbili, alitaka ongezeko la kila mwaka lishuke kutoka asilimia 10 hadi 7.5, akakubaliwa, ndipo akatia sahihi.