Picha Haitembei

Kuna mstari ninaokutana nao mara kwa mara kwenye mafaili ya wagonjwa wazee, na kila nikiusoma unaniudhi: "MRI ina madoa meupe. Parkinson ya mishipa. Levodopa haitasaidia." Aliyeuandika mara nyingi hajasema mgonjwa alitembeaje. Wakati mwingine hata presha yake haimo.

Mstari huo ndio ulionifanya niamue toleo zima la jarida hili lihusu mishipa midogo ya ubongo na dalili za Parkinson uzeeni. Wasomaji wetu wanajua historia: Macdonald Critchley alieleza hali hii mwaka 1929, kisha mwaka 1981 yeye mwenyewe akairudia na kuiita Parkinson bandia. Mwaka 2015 Vizcarra, Lang, Sethi na Espay wakaivunjavunja dhana nzima, wakisema jina la "Parkinson ya mishipa" linabandikwa ovyo. Kwa jina, wana haki. Madoa meupe yapo kwa wazee wengi mno, wakiwemo wanaotembea vizuri kabisa, na doa peke yake si ushahidi.

Lakini baadhi ya wenzetu wameidaka hoja hiyo na kuivusha mpaka: kwa kuwa jina lina kasoro, basi mishipa haina kosa. Hapo siwafuati. Kule Nijmegen, Uholanzi, watu 503 wenye ugonjwa wa mishipa midogo walianza kufuatiliwa mwaka 2006, na waliokuwa na madoa mengi na vishimo vingi ubongoni tangu mwanzo ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za Parkinson. Chicago nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush walichunguza ubongo wa wazee zaidi ya 400 baada ya kufariki. Mwaka 2011 waliandika kwamba hata makovu yasiyoonekana kwa macho, na ugumu wa vijishipa vyenyewe, viliendana na mwendo wa Kiparkinson. Haishangazi. Vijishipa vinavyozama ndani ya ubongo havina jirani wa kuvisaidia. Kimoja kikiziba, eneo lake linakosa damu, na humo ndimo zinamopita nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na viini vya ndani vinavyoongoza hatua.

Kwa hiyo uhusiano upo. Ninachogombana nacho ni namna tunavyoutumia kliniki.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja na binti yake, mkononi bahasha ya picha na ripoti yenye uamuzi ule ule. Baada ya shikamoo nilimwomba anyanyuke atembee. Mikono ilicheza vizuri kando ya mwili, uso ulikuwa mchangamfu, lakini miguu ilikuwa kama imegandishwa sakafuni: hatua fupi fupi, nyayo zimetanuka, na mlangoni akasimama kabisa. Binti yake hakumvuta. Alitanguliza mguu wake mbele ya mguu wa baba, akasema, "Baba, ruka hapa." Akauvuka, akaendelea. "Daktari, mikono yake mizima, hata chai anajimiminia," aliniambia. "Ni miguu tu." Binti huyo alikuwa amenipa uchunguzi kamili kuliko ripoti. Vigezo vya kimataifa vya kutambua Parkinson vya mwaka 2015 vinasema dalili zikibaki miguuni tu kwa zaidi ya miaka 3, ugonjwa wa Parkinson wenyewe unaondolewa kwenye orodha. Kigezo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu wa kutazama miguu na kuuliza ilianza lini, na wa kukumbuka kwamba maji yanayojaa ubongoni nayo huleta mwendo wa aina hii, na yana upasuaji wake.

Na levodopa? Kusema haitasaidia kabla ya kuijaribu si sawa. Mwaka 2004 Zijlmans na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 17 waliothibitishwa baada ya kifo kuwa na Parkinson ya mishipa. Zaidi ya nusu walikuwa wameitikia dawa hiyo vizuri, hasa wale ambao jeraha liliangukia njia ya dopamini. Katika jaribio la kweli dozi hupandishwa polepole hadi angalau miligramu 600 kwa siku, nayo hupewa muda. Kidonge kimoja kwa wiki mbili hakijajibu swali.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wengi wa waliokuwa na Parkinson hawajawahi kutambuliwa wala kutibiwa. Katika wilaya hiyo hiyo, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Tuna watu wenye kila sababu ya kuumia mishipa midogo, na tuna MRI chache. Halafu tunataka picha ndiyo iamue.

Makala ya kwanza inapitia vigezo vya picha kwa umakini mkubwa, na naipendekeza hata kwa asiyekubaliana nami. Inayofuata inahusu mazoezi ya mwendo na alama za sakafuni. Ningependa kila mtaalamu wa fiziotherapia aisome. Ya mwisho inarudi kwenye presha ya umri wa miaka 50, na hapo ndipo ulinzi wa mishipa hii unapoanzia.

Ndugu msomaji, kabla hujaandika "Parkinson ya mishipa" kwenye faili, mnyanyue mzee kitini na utembee naye hadi mlangoni. Mkirudi, mpime presha, uandike vyote viwili.