Faida ya gunia huliwa njia za Nairobi

MKULIMA anayeingia Nairobi na magunia matatu ya mboga ana hesabu mbili za kupiga. Ya kwanza ni bei ya sokoni. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni gharama ya kuvuka jiji.

Chukua mfano wa mchuuzi anayetarajia faida ya Sh900 kwa magunia hayo. Akishukia steji isiyofaa, akalipa mkokoteni Sh300 na nauli ya pili Sh100, pamoja na Sh100 za mzigo, anabaki na Sh400. Isitoshe, muda umempita. Katika Soko la Wakulima, almaarufu Marikiti, biashara ya jumla huanza kabla ya mapambazuko. Anayefika jua limepanda hukuta wanunuzi wengi wamekwisha kuondoka, na bei huamuliwa na madalali.

Chanzo cha hasara hii ni umbo la mtandao wenyewe. Njia nyingi za matatu ni kama spoki za gurudumu la baiskeli: zote hukutana katikati ya jiji. Anayetoka mtaa mmoja kwenda mwingine hulazimika kuingia mjini, kushuka, kutembea hadi steji nyingine na kulipa upya. Wala hakuna steji moja kuu. Kila upande una yake.

Hata hivyo, mgeni ana dira, nayo ni nambari ya njia. 46 huenda Kawangware, 111 Ngong, 125 Ongata Rongai na 237 Thika. Nambari ni mazoea ya tangu enzi za mabasi ya Kenya Bus Service, yaliyoanza 1934. Matatu ziliruhusiwa rasmi 1973, nazo zikapanuka bila mpangaji mmoja. Ramani kamili ilitolewa 2014 tu, baada ya watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuabiri magari wakiwa na simu na kunakili njia zaidi ya 130.

Mgeni hushangaa pia kuona matatu ikingoja ijae, na nauli ikipanda asubuhi, jioni au mvua inaponyesha. Sababu ni ya kiuchumi. Kwa kawaida dereva na kondakta hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalum kila siku, wajaze wasijaze. Mafuta ni juu yao. Kiti kitupu ni hasara yao, na saa za msongamano wa abiria ndizo za kufidia siku nzima. Kwa hivyo, mkulima asitarajie ratiba, aangalie saa.

Ufumbuzi wa kwanza ni kutoingia katikati ya jiji bila sababu. Anayetoka Murang'a na ndizi za soko la Githurai hushukia Githurai, iliyo kando ya barabara ya Thika, badala ya kufika mjini na kurudi nyuma. Anayetoka Nakuru akielekea Kangemi hushuka kwenye Waiyaki Way kabla ya Westlands. Naye anayeshukia Machakos Country Bus asiharakishe kupanda gari jingine: Marikiti, Muthurwa na Gikomba ziko jirani.

Pili, bei ya mzigo iafikiwe kabla gunia halijapandishwa. Likishafungwa juu ya gari, mwenye mali hana tena nguvu ya kujadiliana.

Tatu, wakulima wa kijiji kimoja wanaopeleka mazao soko moja wakodishe pikapu kwa pamoja. Gari linapogawanywa kwa magunia 20, huenda kila gunia likagharimu chini ya nauli na mkokoteni, na mazao yakafika alfajiri.

Mkulima hana uwezo wa kupanga bei ya Marikiti. Lakini steji ya kushukia na saa ya kufika, hizo ziko mikononi mwake.