Insha Isiyo na Msomaji

Leo naingia katika darasa la Kiingereza la shule zetu za upili. Najua wako watakaoniuliza, "Wewe mshairi wa Kiswahili, huko wafuata nini?" Nawafuata wanangu.

Miaka michache iliyopita, mchezo wa Henrik Ibsen uitwao A Doll's House ulikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa KCSE. Usiku mmoja nilimsikia binti yangu akitaja maudhui ya mchezo huo, moja baada ya jingine, bila ya kukosea. Nikafurahi, nikamwuliza, "Mwanangu, huyu Nora aliyemwacha mumewe na watoto, wewe waona alifanya vyema?"

Akanitazama kwa mshangao. "Baba, hilo haliulizwi."

Nikatazama alichoshika. Hakikuwa kitabu, kilikuwa mwongozo mwembamba. Huko Ulaya mchezo ule uliwagombanisha watu tangu ulipotoka 1879. Nyumbani kwangu, penye mke na mabinti, haukuzua hata swali moja.

Wako wasemao kwamba kosa ni kuhifadhi, na kuwa watoto wetu wamelitoa chuoni tabia hiyo. Hapo nakataa. Nami nimesoma chuoni, nikahifadhi juzuu ya Amma nikiwa mdogo. Lakini sura niliyoihifadhi asubuhi, magharibi nilisimama nayo katika swala, na kesho yake nikamsomesha aliye mdogo kuliko mimi. Tulichokihifadhi kilikuwa na kazi siku ile ile. Wazee walisema, elimu bila ya amali ni kama mti bila ya matunda.

Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Walikuwa na haki, na leo watoto wetu wasoma waandishi wa kwetu. Lakini kubadili kitabu si kubadili usomaji. Kitabu cha Mwafrika nacho chaweza kusomwa kwa mwongozo, kikafa vivyo hivyo.

Basi lifanyike nini? Nilipokuwa shule ya upili, katika miaka ya kwanza ya 8-4-4, tulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mtu wa bara. Siku moja alituambia, "Nendeni nyumbani, kila mtu amwulize mzee wake juu ya kazi yake, kisha aandike ili aelewe mtu asiyepata kuiona bahari." Insha zile akazipeleka kwa rafikiye aliyesomesha bara. Mimi niliandika juu ya babu yangu na ukarabati wa jahazi.

Baada ya wiki kadhaa yakaja majibu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: maji yazuiwaje kupita baina ya mbao? Nilijua kukalafati kwa Kiswahili, na kwa macho pia. Kwa Kiingereza sikuwa na neno. Nililitafuta siku mbili, na hata leo sijalisahau, kwa sababu kulikuwa na mtu akilingoja.

Mwalimu yule hakuwa na vifaa wala fedha za ziada. Alichotupa ni msomaji. Insha zetu nyingine zote zilisomwa na kalamu nyekundu tu.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Jina la mtaala ni zuri, lakini jina halisomeshi. Nawaomba walimu: kabla ya kumwambia mtoto aandike, mwambieni amwandikia nani. Na sisi wazazi, tusiulize alama peke yake. Tumwulize mtoto aonavyo juu ya alichokisoma, kisha tumsikilize, hata akitupinga.

Binti yangu nilimnunulia mchezo wenyewe. Aliumaliza kwa siku mbili, na mpaka leo mimi naye hatujakubaliana juu ya Nora.