Je, Saumu Humdhoofisha Mchezaji?



Kila ukaribiapo mwezi mtukufu wa Ramadhani, wazazi wa hapa Tongoni hutujia na swali lile lile: "Mwalimu, mwanangu acheza mpira, naye afunga. Je, nimkataze mpira?" Vijana nao wana swali lao, ijapokuwa wao huliuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mechi ni kubwa, je, siku hiyo naweza kula?" Mwezi huu twapenda kuyajibu maswali haya mawili kwa pamoja, kwani yametoka katika shina moja. Shina lenyewe ni dhana iliyoenea kwa wakubwa na wadogo, ya kwamba saumu na mchezo ni maadui, na kwamba mmoja akiingia mwingine hana budi kutoka.

Sisi wenyewe tulikuwa katika dhana hiyo, na yatupasa tuungame kosa letu kabla ya kumfundisha mtu mwingine. Miaka michache iliyopita, Ramadhani ilipoangukia katika jua la kaskazi, vijana wetu walicheza na vijana wa kijiji cha jirani saa tisa za mchana. Mmoja wa wanafunzi wetu, kijana wa miaka 17, alianguka katikati ya kiwanja. Tulimbeba hadi chini ya mwembe, tukammwagia maji ya kisima, na hapo wazee wakaanza kubishana juu ya kichwa chake: huyu asema kijana afunguzwe, yule asema ni aibu. Alhamdulillahi, kijana alizindukana. Kesho yake tulipiga marufuku chuoni kwetu: mwenye kufunga asiguse mpira. Tulidhani tumeilinda saumu. Haikupita wiki, tukapata habari kwamba vijana wawili wameacha, si mpira, bali saumu. Walikuwa wakila mihogo ya kuchoma nyuma ya magofu ya msikiti wa kale, karibu na makaburi ya wazee wetu, kisha wakaenda mazoezini. Amri yetu iliwataka wachague kimoja katika viwili, nao wakachagua tusichokitaka.

Mpwa wetu, aliyekuwa akisomea ualimu wa michezo, alipokuja likizo tulimsimulia kisa hiki. Elimu yetu sisi ni ya Kurani na ya shule ya msingi tu, wala hatuoni haya kufundishwa na aliye mdogo kwetu. Alitusikiliza, akatabasamu, akasema kwamba jambo tunalobishania chini ya mwembe limekwisha kuchunguzwa katika vyuo vikuu, si kwa maneno, bali kwa kupima na kuhesabu. Yale aliyotufasiria ndiyo tutakayoyaeleza hapa.

Kwanza yafaa tujue uchunguzi wa namna hii hufanywaje. Chukueni mfano wa jirani zetu wa Kenya. Watu wengi ulimwenguni walisema kwamba Wakenya huzaliwa na mbio, basi yakaishia hapo. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, miongoni mwao Vincent Onywera na Mike Boit, yule aliyepata medali ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, wakishirikiana na Yannis Pitsiladis aliyekuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, waliwauliza wakimbiaji mambo ya utoto wao. Waliwauliza pia watu wasio wakimbiaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika kila wakimbiaji 100 wa ngazi ya kimataifa, 81 walisema kwamba walikuwa wakienda shule kwa kukimbia; katika wasio wakimbiaji walikuwa 22 tu kwa 100. Wataalamu hawakusema kwamba mbio za kwenda shule ndizo sababu ya kila medali. Walakini walionyesha jambo ambalo wasemaji wa "damu" hawakulitazama. Siri ya uchunguzi ni hiyo: kuweka kundi moja kando ya jingine, kuyauliza au kuyapima kwa kipimo kimoja, ndipo kusema.

Sasa turudi kwenye saumu. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wachezaji 55 wa timu mbili za kulipwa za Algeria. Walipimwa kabla ya Ramadhani, wakapimwa ndani yake, wakapimwa tena baada yake. Mbio zao, wepesi wa kugeuka, kukokota mpira na ustahimilivu vilipungua, na kadiri ya wachezaji 70 katika kila 100 walisema kwamba wao wenyewe waliona wamerudi nyuma. Kijana wa kula nyuma ya magofu akisikia hayo, atasema: "Haya, si nilisema?"

Asifanye haraka. Mwaka uliofuata, 2008, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mwingine, uliofanywa Tunisia kwa wachezaji vijana. Hao waliwekwa pamoja kambini, wenye kufunga na wasiofunga, na chakula chao na mazoezi yao vilikuwa na utaratibu. Walipopimwa, nguvu na mbio za waliofunga hazikuonekana kudhurika. Mwaka 2009 yakachapishwa ya wacheza judo 15 hodari wa Tunisia walioendelea na mazoezi yao mazito mwezi mzima. Walichoka zaidi, lakini uwezo wao ulibadilika kidogo tu.

Basi tujiulize: mpira ni ule ule, saumu ni ile ile, na nchi hizo mbili zapakana. Kwa nini matokeo yakahitilafiana? Wataalamu waliyatazama yanayoizunguka saumu: usingizi, maji, chakula na saa ya mazoezi. Mwaka 2009 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliwakusanya wataalamu kulizungumza jambo hili, kwa kuwa Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ilikuwa iangukie ndani ya Ramadhani, na mchana wa London wakati huo wa mwaka ni mrefu kuliko wetu. Waliona kwamba mchezaji anayelala vya kutosha, anayekula na kunywa vyema usiku, na anayedumisha mazoezi yake kwa mpango, kwa kawaida hapungukiwi sana. Ila watu si sawa, na kila mmoja hana budi kuujua mwili wake.

Hapa twawaonya vijana juu ya ushahidi wa barazani. Wako wanaotuambia: "Mwalimu, mwaka 2014 Ramadhani ilikuwa imeingia, na Algeria iliizuia Ujerumani dakika 90 bila ya bao katika Kombe la Dunia!" Ni kweli, Algeria ilifungwa 2 kwa 1 katika dakika za nyongeza tu, na Ujerumani ndiyo iliyotwaa kombe. Lakini wachezaji wale walikuwa wasafiri, na msafiri ana ruhusa. Nani alifunga na nani hakufunga ni baina ya mja na Mola wake. Kisa kimoja kitamu hakithibitishi kitu, hata kama chatupendeza. Na kijana wetu aliyeanguka kiwanjani naye alikuwa kisa kimoja. Sisi tulikitungia sheria kabla ya kukiuliza maswali.

Tulipomwuliza baadaye, haya ndiyo aliyotujibu. Usiku ule alikuwa katika kibanda cha kuonyeshea mpira hadi saa saba. Alirudi akalala, daku ikampita. Tangu futari hakunywa maji ila kikombe kimoja. Asubuhi alikwenda kumsaidia baba yake kuvuta wavu, na saa tisa akaingia kiwanjani. Ndugu wasomaji, huyo hakuangushwa na saumu. Aliangushwa na usiku wake, na aliangushwa na sisi wakubwa tuliopanga mechi saa tisa.

Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho, nalo jasho hupoza likikauka juu ya ngozi. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi. Jasho latiririka wala halikauki upesi, na joto labaki mwilini. Anayekimbia mchana hupoteza maji, na mfungaji hawezi kuyarudisha hadi magharibi. Ndiyo maana saa ya mazoezi ni jambo kubwa kwetu. Akifanya mazoezi jioni, adhana humkuta karibu na maji yake. Akifanya saa tisa, ana saa tatu na zaidi za kungoja.

Basi twamjibu mzazi: usimkataze mwanao mpira, bali utengeneze usiku wake. Baada ya tarawehe na alale. Kibanda cha mpira si faradhi. Baba asimwamuru mwanawe kulala hali yeye mwenyewe yuko barazani akicheza dama hadi usiku wa manane. Daku na iliwe, tena icheleweshwe hadi karibu na alfajiri kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Nayo iwe chakula cha kweli, wali au muhogo kwa samaki na maharage, si kipande cha mkate alichokitafuna akiwa amefumba macho. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, kwani anayeyabugia yote kwa mara moja hayamkai. Na baada ya adhuhuri akipata nafasi, alale kidogo. Maneno haya ni ya binti pia, maana mabinti wetu nao hucheza shuleni, nao ndio tunaowaamsha mapema zaidi kupika daku na kuwachelewesha zaidi kuosha vyombo vya futari.

Na kijana twamjibu hivi: mechi si maradhi. Dini yetu imempa ruhusa mgonjwa na msafiri, kisha hulipa siku zake. Haikumpa ruhusa mwenye kutaka ushindi. Wala usijitungie safari. Kutoka Tongoni kwenda uwanja wa Mkwakwani, Tanga mjini, na kurudi jioni, hakufikii mwendo wa msafiri waliouweka masheikh wetu. Lakini uonapo kizunguzungu, kichwa chauma sana na mwili wawaka, toka kiwanjani; kutoka si woga. Na mwenzenu akianguka au akisema maneno yasiyoeleweka, msibishane kama tulivyobishana sisi. Mpelekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, na mkimbizeni zahanati. Akiwa na fahamu na aweza kumeza, mpeni maji anywe. Hapo saumu yake ina udhuru, na siku moja italipwa. Roho ikitoka hailipwi.

Liko neno la mwisho, nalo twawaambia wanaopanga mechi. Uchunguzi wa wataalamu haukomei kwenye miguu na mapafu. Huutazama pia mchezo kama jambo la watu wanaoishi pamoja, na jinsi wanavyopeana nafasi. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, katika ligi ya Uingereza, Leicester City ilipocheza na Crystal Palace, mpira ulicheleweshwa kidogo baada ya jua kuchwa ili Wesley Fofana apate kufungua. Aprili mwaka 2022 huko Ujerumani, katika mechi ya Augsburg na Mainz, refa Matthias Jöllenbeck alisimamisha mchezo ili Moussa Niakhaté anywe maji. Hizo ni nchi ambamo Waislamu ni wachache. Ikiwa huko mchezo mzima umesimama kwa ajili ya mfungaji mmoja, sisi ambao kiwanja kizima kimefunga, tuna udhuru gani wa kupiga filimbi saa tisa?

Nasi tumeifuta amri yetu. Sasa katika Ramadhani vijana wetu hufanya mazoezi mepesi kuanzia saa kumi na moja jioni, na yakikaribia magharibi huacha mpira wakaenda kutawadha. Tende na uji huwangojea barazani pa msikiti. Mechi kubwa tumezisogeza hadi baada ya Idi. Yule aliyeanguka amekwisha kumaliza Ramadhani kamili akiwa mchezaji. Katika wale wawili wa nyuma ya magofu, mmoja amerudi katika saumu yake na katika chuo chetu. Wa pili bado hajarudi. Tukikutana naye njiani hutuamkia "Shikamoo, mwalimu" na kuinamisha macho. Twajua kwamba hatukumwuliza neno kabla ya kumhukumu, na kila jioni tupangapo vikombe vya uji twaweka kimoja zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuuliza kabla ya kuhukumu, na atukutanishe na Ramadhani tukiwa wazima. Amin.