Bafle haijui kuitikia

Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Leo kidole kimoja kinawasha bafle, na avenue nzima inanyamaza. Njo jambo ambalo tunataka kuzungumzia hapa, bila kumung'unya maneno.

Tunasema juu ya zile bafle ndogo zenye kutosha katika kiganja, ambazo zimejaa ku soko ya Bunia. Zinapokea wimbo toka telefone kwa njia ya Bluetooth, bila waya, ao zinameza flashi na karte. Motari anaifunga kwenye usukani, mwanafunzi anaificha kati ya vitabu, mama muuza makayabo anaiweka kando ya meza. Toka Mudzipela mpaka Nyakasanza, kila mtu anatembea na muziki yake.

Tusiwe wanafiki. Ni chombo kizuri. Betri yake inapata moto hata kwa paneli ndogo ya jua, na mtu aliyekimbia vita na kifurushi kimoja anaweza kubeba ndani yake nyimbo za kwao zote. Sisi wenyewe tuko nayo nyumbani. Na wale wanaolia kila siku kwamba mashine za Wazungu zinaua mila, hatuko pamoja nao. Rumba ilikua kwa gitaa, kwa santuri na kwa redio, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa wanadamu kwa ombi la Kongo zote mbili. Mashine haikuiua.

Basi kosa iko wapi? Iko hapa: bafle inafanya muziki isihitaji mtu mwingine.

Angalieni agwara za ndugu zetu Waalur. Kila baragumu inatoa sauti moja ao mbili tu. Mpigaji mmoja peke yake hana wimbo. Wimbo unapatikana wakati wengi wanapokezana, kila mmoja akiingia mahali pake. Angalieni tena nyimbo za Wambuti wa msitu wetu: sauti zinagawana, mmoja anaachia, mwingine anadaka. Katika muziki ya namna hiyo jirani si msikilizaji. Yeye ni kipande cha wimbo. Akikosa, wimbo unabaki na tundu.

Sasa twende ku matanga, maana ni pale tunaumia zaidi. Zamani mama mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, mpaka asubuhi. Hata yule asiyejua luga ya mfiwa alijua kiitikio. Leo bafle inawekwa juu ya kiti, karibu na picha ya marehemu, na watu wanaangalia telefone zao. Katika matanga moja ya avenue yetu betri ilikwisha katikati ya usiku. Tulikuwa watu wengi pale, na sisi walimu tulikuwemo. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Tulikaa kimya mpaka kijana mmoja akaleta bafle ingine. Tulirudi nyumbani na haya.

Wengine watasema: ni jambo dogo. Hapa Ituri si dogo. Tumeona vita ya 1999 mpaka 2003, na tangu mwisho wa 2017 Djugu iliwaka tena. Mahema, Malendu, Mubira, Mualur wanakaa avenue moja, lakini ni wapi wanafanya kitu kimoja kwa mdomo mmoja? Kanisani, kila mmoja na kanisa lake. Ku soko, kila mmoja na faida yake. Matanga ilibaki. Kuitikia wimbo wa mfiwa ni kumwambia: msiba wako ni wetu. Bafle haijui kuitikia. Inasema tu.

Vijana wanatujibu: «Mwalimu, bazee banakataa maendeleo. Bafle njo inalinda nyimbo zenu!» Kuna ukweli ndani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita kandokando ya msitu wa Ituri akarekodi Wabira, Wambuti na Wanande. Sauti zile zimetunzwa mpaka leo Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoanzisha mwaka 1954. Tunamshukuru. Lakini tujiulize: tukizirudisha leo Bunia, ni wangapi watajua mahali pa kuingia? Wimbo umetunzwa, waitikiaji hawakutunzwa.

Kwa hiyo hatuombi mtu avunje bafle yake. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, ku matanga bafle izimwe toka jioni mpaka saa sita ya usiku, na kila familia itafute mtu wa kuanzisha. Akikosea, tumsaidie. La pili, ku masomo: kila mwanafunzi aende kwa nyanya yake, arekodi wimbo mmoja kwa telefone, aulete darasani. Tuusikilize ku bafle mara moja, mara mbili. Halafu tuizime, darasa iimbe.

Sisi walimu tuanze, maana usiku ule sisi pia tulinyamaza. Na wakubwa wa avenue wasingoje mkutano: matanga itakayofuata iko karibu.